Kwa Nini Wajomba Zako Waliondoka Bila Kula

Mwanangu Milembe,

Kwa salamu ningekuwa nakuchosha tu. Uko chumba cha pili, nakusikia unafungua sanduku na kulifunga kwa mara ya nne, na sauti yangu ingekufikia hata nikinong'ona. Jana nilikuita nikueleze haya kwa mdomo. Ulikuja ukasimama mlangoni, nikakuuliza kama umepata viatu. Ukasema umepata. Nikakwambia haya, nenda. Huyo ndiye baba yako unayemsifia kwa wenzako kwamba haogopi kitu. Basi leo Jumapili, wagonjwa ni wachache na mchana ni mrefu, nimechukua kalamu.

Mambo ya sabuni, blanketi na kutoazimana vitana, mama yako ameshayamaliza, na kesho atayarudia hadi lori liondoke. Mimi sina la kuongeza hapo. Habari ya kuamka mapema niliikatia tamaa zamani. Masista wa huko watakufundisha kwa kengele.

Ninachotaka ni kujibu swali lako. Mara mbili tangu Ijumaa umeniuliza kwa nini wajomba zako waliondoka bila kula. Ulikuwa umekwenda kuaga shuleni, ukakutana nao njiani wakiwa juu ya baiskeli, ukawaamkia shikamoo kama ulivyofundishwa, na hakuna aliyekuitikia. Hilo liliniuma kuliko yote yaliyosemwa humu ndani. Wangeninyima marahaba mimi. Wewe hukuwa na kosa.

Jogoo alikuwa amechinjwa, ugali umeiva, na mama yako alikuwa ameshammwagia maji mikononi Mjomba Masanja, kaka yake mkubwa. Masanja aliyakung'uta yale maji sakafuni akasimama, na wengine wakasimama pamoja naye. Walikuja na mambo mawili. La kwanza ni yule karani wa mgodi wa Mwadui, ambaye watu wake wametuma neno kwamba ng'ombe wa mahari wako tayari. Hilo sikulikasirikia. Kama unamtaka utaniambia mwenyewe, na kama ni mwanaume atangoja hadi umalize masomo. La pili ndilo lililonipandisha damu. Masanja alisema kazi unayokwenda kujifunza ni ya aibu, kwamba mkunga na mwuguzi anamshika kila mtu, kesho atamshika hata baba mkwe wake, na mikono ya namna hiyo haiwezi kuwapikia wazee chakula.

Mikono. Kama angetaja kitu kingine chochote ningenyamaza, tungekula, wakaondoka na nyama midomoni. Lakini alitaja mikono, na mimi nikasema jambo nililolificha miaka minane. Ili ulielewe jambo hilo itabidi nirudi nyuma, uvumilie.

Unajua nilikuwa Burma. Unajua zaidi ya unavyopaswa kujua, maana nikipata uji wa moto na msikilizaji sina breki. Lakini kuna moja sijawahi kukusimulia. Nilianza kama mbeba machela, kisha wakanifanya msaidizi wa daktari kwa sababu niliweza kusoma chupa za dawa, kazi niliyokuwa nimeianza hapahapa Shinyanga kabla ya vita nikiwa dresa, mfunga vidonda. Daktari wetu alikuwa Mhindi, kapteni, mfupi, miwani yake haikukauka tangu mvua zianze hadi ziishe. Kiswahili chake chote alifundishwa na askari, kwa hiyo nusu yake yalikuwa matusi. Siku moja waliletwa majeruhi, mmoja wao mtu wa Musoma aliyepigwa risasi kwenye shavu la mguu. Nilimwuliza anaumia wapi, akanionyesha mguu. Tukacheka pamoja, nikamfunga vizuri, kazi safi ya kuonyesha wageni. Kabla jua halijazama alikuwa amekufa. Kapteni alimvua shati, akanishika mkono, akakipeleka kidole changu chini ya kwapa la marehemu. Palikuwa na tundu dogo kama punje ya mahindi. Kapteni hakutukana siku hiyo, ndiyo maana sijasahau. Alisema, "Wewe uliuliza. Usiulize. Vua nguo, shika."

Tangu hapo niliwavua wote. Niliwavua makuruta na maofisa. Nilimvua meja mmoja aliyelia kwa haya kuliko kwa maumivu, nikamshika kila mahali, nikakuta jeraha ambalo asingelitaja mpaka kaburini. Nilirudi nyumbani nikiamini hakuna mwili duniani utakaonitisha tena.

Halafu ikaja habari ya suruali, ambayo mji mzima unaijua. Nilikuwa nimemaliza masomo yangu Dar es Salaam, nimerudi hapa nikiwa daktari msaidizi, na mzungu mmoja mkubwa akaniita akasema wafanyakazi Waafrika wanavaa kaptura. Kesho yake nikaja na suruali ndefu, imepigwa pasi. Akaniita tena. Kesho yake suruali. Mara ya tatu nikamwambia kwamba wakati nilipokuwa nawafunga vidonda ndugu zake hakuna aliyetaka kuyaona magoti yangu. Alinitazama, akarudi kwenye karatasi zake, na kaptura haikutajwa tena. Watu walinisifu, na mimi nilisaidia kuieneza hadithi ile, siwezi kukataa. Kichwa kilivimba. Nilikuwa Mwafrika aliyesimama mbele ya mzungu akabaki na nguo zake, na nilidhani huko ndiko ujasiri unakoishia.

Sasa sikiliza upande wa pili wa huyo shujaa wa suruali.

Bibi yako, mama wa mama yako, alikuwa anakaa ng'ambo ya reli, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli. Nilikuwa nimeoa kwake miaka kumi na zaidi na sikuwahi kumtazama usoni. Unajua tulivyo na wakwe. Nikimwona anakuja, naacha njia, naingia majanini hadi apite. Simpi kitu mkononi, naye hali mahali nilipo. Sikuona ubaya, na hata leo sioni ubaya. Yule mama nilimpenda kwa namna hiyohiyo, kwa kumpisha njia.

Siku moja, wewe ukiwa na miaka kumi, ilikuja habari kwamba tumbo linamsumbua. Nikachukua mkoba wangu, mama yako akakaa nyuma ya baiskeli, tukaenda. Yeye akaingia ndani. Mimi niliwekewa kigoda nje, nikakaa nimeupa mgongo ukuta. Nikamtibu mama mkwe kupitia ukuta wa udongo, Milembe. Nauliza, amepata choo? Mama yako anauliza ndani, anarudi dirishani, anasema hapana. Ametapika? Ndiyo. Tumbo limejaa? Kidogo. Panauma wapi? Kila mahali. Kapteni wangu angenimalizia Kiswahili chake chote.

Ningeweza kuingia. Ningeweza hata kubaki nje na kumwambia mama yako ampapase mama yake kuanzia kifuani hadi magotini. Lakini mwanaume wa kwetu anamwambiaje mkewe, funua nguo ya mama yako kwa amri yangu? Niliyatafuta maneno, sikuyapata, nikajiambia si lazima.

Ndani kulikuwa na mtu mwingine, Bibi Nyanzobe, mjane wa jirani, mkunga aliyewazalisha nusu ya watoto wa upande ule. Hakusoma hata siku moja. Alikuwa na mgonjwa tangu jana yake. Alitoka akipangusa mikono, akasimama mbali kidogo kwa heshima, akasema kwa Kisukuma chake cha taratibu, "Daktari, kwenye mkunjo wa paja la kulia pana kitu kama yai la kware. Nimekisukuma, hakirudi ndani. Mpeleke mjini."

Mwanangu, mtu yule alikuwa ameniwekea ugonjwa mzima kiganjani. Ilikuwa ngiri, utumbo umetoka mahali pake umebanwa, na hospitalini alikuwapo daktari mpasuaji. Mimi nilimjibu nini? Nilimwambia, Bibi, wewe zalisha, haya mengine niachie, na uache kumsugua mama. Nilijiambia ngiri ni ugonjwa wa wanaume. Kitabu kilichokuwa mkobani kilisema vingine, na ukurasa wenyewe niliujua. Nikaacha chumvi ya haluli, dawa ya kuharisha, ambayo kwa mtu aliyefungwa utumbo ni sawa na kumpiga teke. Nikarudi kazini. Siku ya pili mama yako aliponiambia tumbo limekaza kama ngoma, nilijua. Nilituma lori, lilifika limechelewa. Siku ya tatu alikufa.

Kufa kwake ni kosa langu la kwanza. Madaktari wote wana makaburi yao, na wewe utapata yako, Mungu akupunguzie. La pili ndilo ambalo halina daktari.

Baada ya maziko wazee walikaa, kama wanavyokaa, kutafuta nani kamwua. Waliniita mimi kwanza, kwa heshima ya kazi yangu. Wote walikuwapo, Masanja akiwa katikati. Ningesema, ngiri ilibana utumbo, sikumpima. Maneno manne. Badala yake nilisema, "Mimi nilimkataza Nyanzobe asimsugue." Nikakaa chini. Hakuna uongo hata chembe katika sentensi ile, na ndiyo mbaya kuliko zote nilizowahi kuzitamka. Nilikuwa najikinga. Nilitaka tu waone kwamba daktari alifanya kazi yake.

Mfumu, yule mpiga ramli aliyeitwa kutoka mbali, aliambiwa sentensi yangu kabla hata hajafungua mfuko wake. Haikumchukua muda kumtaja mchawi. Nyanzobe alipewa hadi kesho yake jua la utosi awe ameondoka. Nyumba ilichomwa. Aliondoka na kigoda chake na chungu kimoja kichwani, akashika njia ya magharibi kwa watu wa dada yake, Buseresere. Mimi niliambiwa hayo nikiwa kazini, nikaendelea kuandika karatasi ya mgonjwa. Nakumbuka hata jina la dawa niliyoiandika.

Siku ile ulirudi nyumbani na watoto wenzako mnaimba kwamba mchawi kavuka mto. Una sauti nzuri, ulikuwa nayo tangu mdogo, na yako ndiyo iliyokuwa juu. Mimi nilikuwa barazani napiga viatu rangi. Ningeweza kukuita nikakukalisha, nikakwambia mwanangu, usiimbe hivyo, yule mama hakufanya lolote. Nikasema, Milembe, punguza kelele.

Usijilaumu kwa wimbo ule. Mtoto anaimba anachokikuta. Wimbo ulikuwa wangu, wewe ulinisaidia sauti tu.

Miaka minane imepita. Katika miaka hiyo nimemshika kila mtu. Umewahi kusikia sokoni wanavyonicheka, kwamba daktari wa Shinyanga anakuvua nguo hata ukiumwa jino. Wanadhani ni mambo ya jeshini. Nimewafunika watu shuka, nimeomba ruhusa kwa upole, nimewashika wazee, nimewashika mashekhe na wachungaji, nimekuta mengi yaliyokuwa yamefichwa na yanatibika. Lakini nilikuwa nawashika hawa kwa ajili ya yule mmoja, na yeye hakufufuka, na Nyanzobe hakurudi. Nilipata sifa kwa kosa langu. Sijui kama kuna wizi mbaya kuliko huo.

Halafu mwaka jana, mvua zikiwa zinakatika, alikuja mtu aitwaye Athumani, kwao Singida. Alikuwa anafanya kazi ya dhahabu upande wa Geita, anarudi kwao kwa treni, akashuka Shinyanga na kifurushi chake, akaniulizia. Aliingia chumbani kwangu, akafungua mkanda wa suruali kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia tulia kwanza, unaumwa nini?

Akasema, "Nimeambiwa usiniulize."

Nikamwuliza na nani. Akasema ni bibi mmoja wa Buseresere, mkunga, alimkuta amejikunja gulioni akampapasa. "Akaniambia nikipita Shinyanga nimtafute daktari mwenye suruali ndefu. Akasema, mwambie asikuulize, akushike."

Nilimshika. Ilikuwa palepale, mkunjo wa paja, kulia. Nilimpeleka kwa mpasuaji siku hiyohiyo, na baada ya majuma mawili alipanda treni akila ndizi. Nilipotoka kumpokeza mpasuaji nilikwenda nyuma ya stoo ya dawa nikalia, na sijui nililia kwa muda gani. Bibi yule hakumjua kapteni wangu. Mkono mzuri wowote unafika wenyewe kwenye maneno yale. Lakini fikiria alichokifanya. Mimi nilimtoa nyumbani kwake kwa sentensi moja, na yeye, alipopata nafasi ya kunitumia chochote, angeweza kunitumia laana. Alinitumia mgonjwa.

Nikakaa na hilo kimya tena, maana ukimya ukishauzoea unakuwa kama kiti chako. Kisha barua yako ya kukubaliwa ikaja, chuo cha wauguzi na wakunga, na kati ya mahali pote ikawa ni misheni ya mbele ya Biharamulo, njia ileile ya Buseresere. Ukarukaruka humu ndani, ukamkumbatia mama yako, mimi nikatoka nje. Ulidhani sikufurahi. Nilifurahi hadi nikaogopa.

Ndiyo maana Ijumaa Masanja alipotaja mikono, nilisimama. Nakuandikia niliyosema kama nilivyoyasema, ili mtu akikusimulia vingine ujue. Nilisema, "Mama yenu hakurogwa. Alikuwa na ngiri. Nyanzobe aliigusa akaniambia. Mimi sikumgusa kwa sababu ni mkwe wangu, na sikumsikiliza Nyanzobe kwa sababu hakusoma. Mkitaka mtu wa kumfukuza, yuko mbele yenu."

Masanja si mjinga. Aliona haraka kuliko wenzake kwamba kama nasema kweli, basi yeye alichoma nyumba ya mtu asiye na hatia, kwa mkono wake, na miaka minane amelala usingizi mzuri. Hakuna mtu anayemshukuru aliyemwamsha usingizi wa namna hiyo. Akaniambia niyafute maneno yangu, nilete kondoo wa tambiko wa kuusafisha mji wangu, na wewe usiende huko magharibi. Nikakataa yote matatu. Akasema basi siku nikifa ukoo wao hautakanyaga hapa kunizika. Akakung'uta maji mikononi. Hayo ndiyo majibu ya swali lako.

Hawatanizika. Sawa. Nimelala Burma kati ya wanaume wazuri kuliko mimi, na hakuna mjomba aliyewachimbia. Watakaopita hapa na kunirushia maneno, waache. Wagonjwa wakipungua, nitapata muda wa kulima viazi. Sitayafuta. Nimeyafuta miaka minane na sasa nimechoka kufuta. Kuna waliokuja Jumamosi kunishauri kwamba ukweli ule haumrudishi marehemu, na kwamba mtu mwenye cheo changu hajidhalilishi mbele ya wakwe. Niliwapa chai.

Lakini si wao niliowaogopa. Baiskeli zilipoondoka, nilibaki nimekaa na mama yako anakusanya sahani zisizoguswa. Ni mama yake niliyekuwa nimemtaja. Nilingoja anipige, au alie, au afunge nguo zake awafuate kaka zake. Alifunika ugali, akafuta maji ya Masanja sakafuni. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mimi ndiye niliyemwosha mama. Nilikiona kile kitu pajani."

Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Miaka minane ananipikia, ananifulia ile suruali, ananisikia nikiwasimulia wageni habari ya mzungu na kaptura, anangoja. Nimewahi kulala shimoni na mabomu yanaanguka, Milembe. Sikuwahi kujiona mdogo kama Ijumaa jikoni kwangu.

Sitaki nigeuze haya kuwa mahubiri, na wewe ukihubiriwa unapiga miayo hadi machozi, nakujua. Ila utakutana na wazee watakaogeuzia uso ukutani ukiwakaribia. Usiwacheke, wala usiwadharau mila zao. Mimi bado napisha njia wakubwa zangu. Heshima haikumwua bibi yako. Aliyemwua ni mtu aliyejificha nyuma ya heshima kwa sababu alikosa ujasiri wa kumwambia mkewe maneno mawili, mpapase mama. Wewe yatafute maneno hayo mapema, kabla hayajahitajika, uyafanyie mazoezi kama wimbo. Na kila kijiji utakachopangiwa kina Nyanzobe wake. Mwulize yeye kwanza. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, na aliyekosewa akiwa bado na nyumba.

Sasa habari ya kesho. Umedhani nakusindikiza hadi linapopakia lori. Nimezungumza na dereva, nimechukua nafasi mbili. Mkishavuka na pantoni na kuipita Geita, lori litasimama Buseresere kushusha mizigo, na siku ya kesho kuna gulio. Mimi safari yangu inaishia hapo. Nitashuka nimtafute, na nikimwona nitapiga magoti, hapohapo gulioni, na suruali yangu ndefu. Mwanaume wa umri wangu hampigii magoti mwanamke, najua, na watu watasimama kutazama. Watazame. Sikufanya kosa lile gizani, lilifanyika mbele ya ukoo mzima.

Sijui atanipokea vipi. Ana haki ya kunitemea mate na kuendelea kuuza alichonacho. Wewe ukipenda ubaki juu ya lori, baki, sitakulaumu, una safari yako na masista wanakungoja. Ukishuka, naomba kitu kimoja tu. Usiniinue. Nitainuka nikiambiwa na mwenyewe.

Nilidhani barua inaishia hapo. Nikaenda jikoni kunywa maji, nimekuta mama yako anafunga michembe ya viazi vikavu na karanga za njiani, na mafungu aliyoyaweka mezani ni matatu. Nikamwambia tunaosafiri ni wawili. Hakuacha kufunga. Nikamwuliza la tatu ni la nani.

Akasema, "Nyanzobe ndiye aliyempokea Milembe. Kutwa nzima nilimpigia kelele, hakuniachia mkono. Mimi ndiye nitakayeshuka wa kwanza."

Hilo pia tulikuficha, maana tungekwambiaje baada ya wimbo ule. Sasa unajua. Kabla yangu na kabla ya mama yako, mikono ya kwanza kukushika hapa duniani ni yake.

Nilisema mwanzo kwamba sina la kukuagiza. Ninalo moja. Njia ina vumbi na tutakuwa tumeshika mbao za lori tangu alfajiri. Tukikaribia Buseresere nitamwomba dereva asimame penye maji. Nawa mikono, mwanangu, uinawe vizuri, na usiikung'ute.

Ni mimi baba yako, niliye chumba cha pili.